Nilimlisha Mjusi wa Mjukuu Wangu Uji kwa Nguvu

Wewe unayesoma hii, umewahi kushika mjusi mdomo ukamlisha uji? Usicheke. Nakuuliza tu. Umewahi?

Basi mimi nimewahi. Kwa mkono huu wa kulia, huu ninaokula nao ugali. Ptuu! Hata sasa nikikumbuka mate inakuwa chungu mdomoni, naacha kazi naenda kunawa tena, na hii ni mambo ya miaka mingi imepita.

Mimi ni mama wa kanisa, nyanya wa wajukuu wengi, na hapa Kilungu watu wananijua kwa kuongea mingi na kwa kucheka. Jina silisemi. Wenye wananijua watanijua tu, kwa sababu ya mkia. Hiyo habari ya mkia ilienda mpaka makanisa ya huko chini! Lakini wao wanajua ile nusu ya kuchekesha. Ile nusu ingine sijaiambia mtu. Leo nasema: nilikosea. Nilimkosea mtoto, nikamdanganya nikimwangalia machoni.

Wacha nianze vizuri.

Ilikuwa karibu tu baada ya ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada. Binti yangu alikuwa anakaa Sultan Hamud, anauza chai na mandazi karibu na reli. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, anaitwa Mwende, ndiyo alikuwa ameanza shule juzi juzi. Baba hakuna. Sasa binti yangu akapata bwana wa Mombasa. Bwana mzuri, ana kazi, lakini alisema wazi: nakuoa wewe, sioi na mtoto.

Akamleta Mwende kwangu. Akamkalisha kwa kigoda hapo jikoni, akamwambia, "Nakuja sasa hivi. Naenda hapo dukani nikuletee biskuti."

Akaenda Mombasa.

Na mimi nilikuwa hapo! Nilisikia hiyo biskuti na masikio yangu mawili, nikanyamaza. Nikajiambia ni vizuri hivyo, mtoto asilie.

Mwende alikuja na nguo zake kwa mfuko wa sukari, na kopo la mafuta ya kupikia, lile kubwa, limetobolewa juu na msumari. Nikafikiri nimeletewa mafuta. Nilifurahi! Nikafungua haraka haraka.

Woi! Ngai!

Mjusi. Na si wale wa mawe wenye kichwa nyekundu, wale wanakaa jua na hawasumbui mtu. Huyu ni ule wa ukuta, ule watu wa pwani wanaita mjusi kafiri. Mweupe kama mtu amelala hospitali. Ngozi nyepesi mpaka unaona matumbo ndani, nyeusi, imekunjwa kunjwa. Vidole kama amepakwa gundi. Na macho hayafungi! Kope hana. Sasa unajua anafuta macho na nini? Na ulimi. Haki ya Mungu. Alitoa ulimi hapo mbele yangu akalamba jicho lake kama mtoto analamba sahani. Nikatema mate kwa majivu.

"Mwende, hii ni takataka gani?"

"Anaitwa Stesheni, Susu." Susu ni nyanya kwa Kikamba. "Alikuwa anakaa kwa ukuta ya kwetu, pale kwa taa. Nimemchukua. Hana mtu mwingine."

Hana mtu! Mimi nikamwambia mjusi tangu lini ana mtu, toa hiyo kitu kwa jiko yangu kabla sijaitupa kwa moto. Mtoto hakulia. Alikumbatia tu kopo na mikono miwili, akaniangalia. Basi nikasema akae, lakini akae huko chumbani kwa dirisha, na akitoka nje ya hiyo kopo mimi sitaulizwa.

Sasa shida ikaanza. Stesheni akakataa kula.

Ulikuwa ule mwezi wa Julai, na wewe kama unajua milima yetu unajua Julai. Ukungu unaingia mpaka chini ya blanketi. Mwende alikuwa anaenda kwa boma la ng'ombe kushika nzi, anawatia ndani ya kopo wazima wazima. Wale nzi wanatembea juu ya kichwa ya Stesheni, wanaingia hata kwa jicho, yeye ametulia tu kama picha. Asubuhi unakuta nzi wamekufa na yeye anawaangalia.

Nikasema labda anataka chakula ya maana. Nilikuwa na kumbikumbi wa kukaanga na chumvi, nimewaweka tangu mvua, wale ninaficha wageni. Nikampa. Hata kunusa hakunusa! Nikasikia nimetukanwa.

Na wacha nikuambie ujinga yangu ingine. Kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha. Mtu hajakaa, mimi tayari nimeleta kopo, nimefungua, nimemgeuza na kijiti ili waone lile tumbo lenye matumbo ya kuonekana. Wamama wanapiga nduru, mimi nacheka mpaka nalia. Mnyama mgeni, ana baridi, na mimi nimemfanya sinema.

Rafiki yangu Mama Kioko, tunaimba na yeye kwaya, alitazama ndani akaruka nyuma. "Wee mama! Umeokoka ama umefungua uganga? Mkamba kuweka mjusi kwa kopo, watu watafikiria nini?"

"Ni wa mtoto."

"Ndiyo vile wachawi wote wanasema, ni wa mtoto."

Tukacheka. Mwende hakucheka. Alikuwa anangoja nifunike.

Halafu siku moja nikampakulia isyo, mahindi na maharagwe, na kipande ya parachichi juu. Akasukuma sahani.

"Stesheni hajakula, Susu. Nitamngoja."

Nikafikiri ni mchezo. Haikuwa mchezo. Kila siku anakula vijiko viwili hivi, mara anaenda kuangalia kopo, anarudi, anasukuma sahani. Nguo ya shule ikaanza kumzunguka kama imeanikwa kwa kamba. Mwalimu akatuma neno kwamba huyu mtoto analala kwa dawati.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibikiwa. Mimi ni mtu wa njaa. Nimeona njaa tangu nikiwa mdogo, nimeona watu wakichemsha ngozi ya ng'ombe wanywe supu yake. Kwa nyumba yangu chakula hakikataliwi. Hakuna! Nikiona mtu amekataa chakula napandwa na kitu, sijui kama ni hasira ama ni woga.

Na watoto wangu wote niliwalea na uji ya mkono. Ninyi wa siku hizi hamjui hiyo. Unamlaza mtoto kwa mapaja, unakunja kiganja chini ya kidevu chake kama kijiko, unamwaga uji hapo ijae mpaka juu ya mdomo, na kidole kimoja kinafunga pua. Akitaka kupumua lazima ameze. Analia, anapiga mateke, anameza. Mama yangu alinifanya hivyo, mama yake alimfanya hivyo. Huku kwetu hakuna mama ambaye hakufanya hivyo, na tulijisifu. "Mtoto wangu ananenepa!" Ndiyo, ananenepa, na ukichukua kikombe anakimbia.

Basi asubuhi moja Mwende ameenda shule, mimi nimepika uji wa wimbi, nimekaa na moto wangu, nikafikiri: kama huyu mnyama akikula, mtoto atakula. Na mimi najua kulisha. Nani ananishinda kulisha?

Nikaleta kopo.

Nilikuwa nimefunga leso kwa pua ndiyo nisisikie harufu, ingawa harufu yenyewe hana, ni kichwa changu tu. Nikaingiza mkono. Mama! Ile baridi! Kama kushika ulimi wa maiti. Nilimshika nikamwachilia, nikamshika tena. Moyo wake unapiga kwa kidole changu tu-tu-tu-tu kama cherehani. Nikajikaza. Nikachovya kidole cha mkono mwingine ndani ya bakuli ya uji, nikamfungua mdomo na ukucha.

Akalia!

Mimi sikujua mjusi analia. Analia kwa sauti, kama bawaba ya mlango. Na mimi, badala ya kuacha, nikamfanya vile nilikuwa nafanya watoto. Nikafunga pua. Sijui kama ilikuwa pua, nilifunga tu hapo mbele, nikamsukumia uji. Uji ikaingia, ikatoka kwa pande zote, ikatoka hadi kwa zile tundu za pua, povu ya kahawia. Ukingo wa mdomo ukapasuka. Nikasema meza! Meza wewe mshenzi, mtoto wangu anakufa njaa kwa sababu yako!

Akajipinda, na mimi nikafinya.

Mkia ukakatika.

Haukukatika kama kitu cha kufa. Ulikatika ukabaki unacheza! Unaruka kwa kiganja changu, unajikunja, unajikunjua, kama una roho yake peke yake. Nikapiga nduru, nikarusha mikono yote. Mjusi akaanguka kwa majivu, mkia sikuona umeenda wapi. Bakuli ilitikisika tu, haikumwagika.

Nikamwokota huyo masikini na kipande cha gazeti, nikamrudisha kwa kopo, nikafunika. Nikatafuta mkia kwa majivu, nyuma ya kuni, chini ya kigoda. Hakuna. Kuku alikuwa anapita mlangoni, nikasema basi, kuku ameokota.

Na sasa naona aibu hata kuandika hii. Ile bakuli ya uji, niliyochovya kidole chenye mate ya mjusi... sikuimwaga. Nimekuambia mimi ni mtu wa njaa. Mkono wangu haujui kumwaga uji. Niliirudisha kwa sufuria na ile ingine, nikakoroga, nikafunika. Nikajiambia moto unaua kila kitu.

Ptuu!

Saa ya chakula ya mchana Mwende akaja kutoka shule. Hata kitabu hajaweka chini, "Susu, Stesheni amekula?"

Na hii mdomo yangu ikafunguka yenyewe. "Amekula!"

"Kweli?"

"Kweli kabisa! Ameshiba mpaka tumbo imekuwa hivi." Nikamwonyesha na ngumi. "Sasa amelala. Usimfungue, mwache alale kama mzee."

Ungeona huyo mtoto! Alicheka mpaka nikaona pengo ya jino lake, na tangu aje sikuwa nimeiona. Alikaa chini akala isyo, akaongeza, akalamba mwiko. Na mimi nikafurahi! Hiyo ndiyo inanikera. Sikusikia vibaya hata kidogo. Nilimwangalia akitafuna nikasema moyoni, ona vile kauongo kadogo kamefanya kazi.

Jioni, jua bado liko, Mama Kioko akapita kutoka kwa maombi. Ana kiu, amechoka na kupanda mlima. Mwende ametoka shule tena, amekaa hapo na daftari yake. Nikawapashia uji wote wawili. Nikampa Mama Kioko kikombe kubwa kwa sababu ni mgeni.

Akapuliza. Akanywa. Akanywa tena. Akashusha kikombe. Nikamwona shavu lake linatembea, anatafuna.

"Mama, siku hizi unaweka nyama kwa uji?"

"Nyama gani?"

Akaingiza vidole viwili kwa meno. Akavuta. Ikatoka polepole, ndefu, imepikwa imekuwa laini, rangi imeenda. Akaiweka kwa kiganja akainama kuiangalia karibu. Mimi nikajua kabla yake.

"Ni mnyoo?" akauliza. Halafu akaona zile alama za ngozi. "NI MKIA!"

Alitapika kutoka kwa kiti mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kwa migomba. Kitambaa cha kichwa kilienda na matapishi. "Nimelishwa! Enyi watu wa Mungu, nimelishwa!" Na kwetu Ukambani mtu akisema amelishwa si kwamba ameshiba. Ni uchawi anasema, ni kamuti. Majirani wakaanza kuchungulia kwa ua.

Na mimi, Mungu anisamehe, kicheko ilikuwa imefika hapa kwa koo.

Halafu nikasikia kikombe kimewekwa chini.

Mwende alikuwa ameenda chumbani. Akarudi na kopo wazi. Stesheni alikuwa amelala kwa pembe, uji imemkaukia mdomoni kama saruji, nyuma ni kidonda tu nyekundu.

"Susu, ulisema amekula."

"Alikula kidogo..."

"Ulisema ameshiba."

Nikainama nikaanza kuokota vikombe. Mimi! Mimi ambaye sikosi maneno hata kwa matanga!

Hakulia. Alitia kopo ndani ya sweta, akatoka. Nikafikiri ameenda nyuma ya nyumba. Na mimi nilikuwa na kazi: napea Mama Kioko maji ya chumvi, naapa kwa Biblia kwamba mimi si mchawi, nawaambia majirani ni mjusi tu, ni mjusi tu, kana kwamba hiyo inasaidia. Nikigeuka, mtoto hakuna. Nyuma ya nyumba hakuna. Kwa boma la ng'ombe hakuna. Mfuko wake wa sukari pia hakuna.

Wee!

Nilijua anaenda wapi. Anaenda Sultan Hamud. Mtoto wa ukubwa ule, na ukungu unashuka, na huko chini ni barabara ya Mombasa, malori yanateremka kama yametupwa. Nikakimbia. Kiatu moja kilibaki kwa matope na sikurudi kukichukua. Kila mtu ninampata kwa njia, "Hujaona mtoto ana kopo?" "Hujaona mtoto ana sweta ya kijani?" Na nikikimbia naongea na Mungu kama nagombana naye: huyu ameachwa mara moja, usiniache nikawa wa pili kumwacha.

Nikafika sokoni Nunguni. Kisiagi, ile mashine ya kusaga, ilikuwa bado inanguruma, wamama wako kwa laini na mahindi yao. Mmoja akaniona, mguu moja tupu, leso imefunguka, akaniambia, "Kama ni kale kasichana, kako huku nyuma. Tumekaita kamekataa kuja."

Nikazunguka nyuma.

Unajua ukuta wa kisiagi, ule upande wa injini? Unakuwa moto kama jiko. Na kwa sababu ya unga wale wadudu weupe kama vipepeo wadogo wanajaa hapo. Mwende alikuwa amekaa ameegemea huo ukuta, kopo iko wazi mapajani, tupu. Nikafungua mdomo nimwite.

"Shhh, Susu. Usiongee."

Akaonyesha juu. Stesheni alikuwa kwa ukuta, bila mkia, kafupi kama kifungo ya koti. Lakini alikuwa na macho ya kuamka. Anatembea! Hatua moja, anasimama. Kipepeo moja ya unga ilikuwa mbele yake inachezesha mabawa. Yeye akakaza shingo.

Tap!

Akaikamata. Miguu ya mdudu inapiga piga nje ya mdomo ule niliopasua, mabawa yanatoa unga, na yeye anameza, anameza, halafu akatoa ulimi akalamba jicho. Nikatema mate kama siku ile ya kwanza, na wakati huo huo nikaanza kulia. Kulia na kichefuchefu pamoja! Sijawahi kusikia kitu kama hiyo.

"Hapa kuna joto kama kwetu," Mwende akasema. "Nilikuwa naenda kumrudisha, lakini nikipita hapa nimesikia ameanza kutembea. Alikuwa anasikia baridi tu, Susu. Kwako ni baridi."

Kwako ni baridi. Hiyo maneno!

Nikakaa chini kando yake, na uzito wangu wote. Tukamwangalia akishika mwingine. Halafu akauliza, bila kunitazama.

"Mama alienda duka gani?"

Sasa, wewe. Nilikuwa na uongo tayari. Ilikuwa imekaa hapa kwa ncha ya ulimi, tamu: atakuja Krismasi, atakuletea viatu. Ingekuwa rahisi! Angekula jioni hiyo. Lakini nilikuwa na ile harufu ya matapishi kwa leso yangu, na huyo mnyama bila mkia kwa ukuta juu yangu, na nikachukia mdomo yangu vile sijawahi kuchukia kitu.

Nikamwambia. "Hakuenda duka. Alienda Mombasa, ameolewa huko. Huyo bwana hakutaka aende na mtoto. Sijui atarudi lini, na sijui kama atarudi. Na mimi nilijua siku ile ile, Mwende. Nilisikia nikanyamaza. Na huyu mjusi hakukula, nilimlazimisha, nikamkata mkia, nikakudanganya. Nisamehe."

Kwetu mtu mzima haombi mtoto msamaha. Hiyo haiko. Wamama wa laini walikuwa wamejaa hapo kwa kona na karai zao, na moja nikamsikia anasema, "Huyu bibi anaharibu mtoto." Nikamwacha aseme.

Hapo ndipo Mwende alilia. Kilio yote ile hakuwa amelia tangu kigoda, tangu biskuti, ilitoka hapo. Alilia mpaka injini ikazimwa na watu wakaenda na unga wao. Sikumwambia nyamaza. Ilikuwa ngumu, nilitaka kusema nyamaza kila saa, lakini niliuma leso.

Akimaliza akapangusa pua na sweta. "Nasikia njaa."

Stesheni tulimwacha hapo hapo. Alinenepa akawa kama mtu ana duka! Mkia ukaota tena, mbaya, mnene, umepinda kama karoti ya mwisho sokoni. Kila tukienda kusaga mahindi Mwende anaenda nyuma kumsalimia, na mimi nasimama mbali nikifunga pua. Sikumpenda. Hata leo nikiona hao wanyama ngozi inanitambaa. Hiyo sitadanganya.

Unataka kujua ilinigharimu nini? Mama Kioko mpaka leo anakuja kwangu na chupa yake ya chai, anakaa kwa kiti yangu anakunywa chai yake. Kanisani nilisimamishwa nieleze mkia. Watoto wa njiani waliniita Susu wa Uji. Hiyo yote nilicheka ikaisha.

Ile haikuisha haraka ni hii. Kwa muda mrefu sana, neno lolote nikisema Mwende alikuwa anaenda kuhakikisha. Nikisema ugali imeiva, anafunua sufuria. Nikisema leo hakuna shule, anatembea mpaka kwa geti ya shule kuona imefungwa. Nikisema ng'ombe amezaa, anatoka nje kuangalia kwanza ndiyo afurahi. Hakuwa na adabu mbaya, hapana. Alikuwa anasema "Ndiyo, Susu," halafu anaenda kuangalia. Unajua vile hiyo inauma? Kusema kitu cha kweli kwa nyumba yako mwenyewe, na mtoto anatoka kuangalia?

Basi ninyi wenye mmeleta kiumbe kigeni kwa nyumba, awe mjusi, awe paka, awe mtoto wa mtu, nawaomba! Akikataa kula siku za kwanza, msimrukie. Mpeni joto. Mpeni mahali pa giza pa kujificha. Msimwonyeshe wageni kama sinema. Mjusi mtilie mdudu mdogo mzima, anayetembea, halafu ondoka umwache, na usimfinye wala usimguse mkia. Akiendelea kukonda tafuteni daktari wa mifugo, hata kama atawacheka, acheke. Lakini mdomo wa mtu usiufungue kwa nguvu! Na usimwambie mwenye kungoja kwamba amekula na hajakula.

Sasa mimi meno yameenda, chakula hakina utamu, na wake za wanangu wameanza kunong'ona jikoni ati mzee huyu alishwe kwa nguvu atazoea. Mwende amekuwa mama mzima, alikuja kuniona juzi akasikia hayo maneno. Hakugombana nao. Alikuja akakaa kwa kitanda changu, akachukua bakuli ya uji niliyoikataa, akaonja, akakunja uso.

"Susu, hii uji ni mbaya kweli," akaniambia. "Wewe ukikataa, hakuna mtu atakushika pua nikiwa hai. Nitakupikia ingine, nikae hapa na wewe, tungoje mpaka usikie njaa mwenyewe."